Msimu wa Kusimama kwa Mguu Mmoja

Jumatatu, 3 Machi

Nimeambiwa niandike. Kila siku, hata mstari mmoja, na niandike nilichokiona, si nilichokifikiria. Aliyeniambia ni polisi mstaafu wa barabarani ambaye mtaa mzima unamwita Trafiki, na ambaye kuanzia kesho ndiye mwalimu wangu wa yoga. Habari hii ingekuwa ya mtu mwingine ningecheka mpaka mbavu ziniume. Bahati mbaya, ni yangu.

Kisa ni hiki. Mimi ni mkataji katika karakana ya kushona ya dada yangu. Ijumaa nilikata suruali thelathini za walinzi. Kitambaa chao kina uso na mgongo, na kila suruali inataka kipande cha mbele cha kulia na cha kushoto. Ukishachora cha kwanza, unaigeuza karatasi ya vipimo ndipo unachora cha pili. Mimi sikuigeuza. Nilitandaza tabaka zote uso juu, nikachora, nikachora tena vilevile, nikawasha mashine nikakata huku nikiwaza sijui nini. Nilipozima nilikuwa na miguu sitini ya kushoto. Mama Vifungo, anayetushonea vifungo na kutuletea habari za mji, aliinua miwili akailinganisha, akaniuliza kwa upole kama walinzi hao hutembea upande upande kama kaa.

Dada hakupiga kelele. Angepiga kelele ningepata nafuu. Alichomoa waya wa mashine ukutani, akauzungusha taratibu mkononi.

"Akili yako ilikuwa wapi?"

"Hapa hapa, Dada."

"Hapa hapa wapi? Tangu mwaka uanze unakata ukiwa kwingine. Leo ni miguu ya suruali, kesho ni vidole vyako. Mimi sitaki kuviokota."

Ameamua kwamba atakata mwenyewe, maana yeye ndiye aliyenifundisha kazi hii. Mimi nitapiga pasi, na kila asubuhi nitakwenda kwenye yoga ya Trafiki, ambayo Mama Vifungo anaisifu tangu imwondolee maumivu ya mgongo. Mvua zikiisha, Trafiki akisema nimetulia, nitarudi mezani. Asiposema, Dada atatafuta mkataji mwingine. Nimesimama kwenye meza ile miaka ishirini na sita. Nikiondolewa pale sijui nitajiita nani.

Jumanne, 4 Machi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwenye uwanja wa majani nyuma ya tangi kubwa la maji. Tuko tisa, wengi wanawake wa makamo, pamoja na karani wa posta ambaye hupumua kama anasukuma gari. Manyunyu. Wenzangu wana mikeka yao. Mimi nimetandika kipande cha turubai kilichobaki kazini.

Trafiki ni mrefu, na amenyooka utadhani amemeza rula. Alisimama njia panda miaka ishirini na miwili mpaka mgongo ukagoma. Daktari wa viungo alimfundisha yoga hospitalini, naye hajaiacha tangu hapo. Amri zake bado ni za barabarani. Akitaka tusimame anainua kiganja. Akitaka upande wa kulia uanze, anauita kwa mkono na upande wa kushoto unasubiri zamu yake.

Leo tumesimama kwa mguu mmoja, unyayo wa pili umebanwa pajani, viganja vimekutana kifuani. Nilimwangukia karani wa posta mara mbili.

"Uko wapi sasa hivi?" Trafiki akaniuliza.

"Niko hapa, afande."

"Hapa naona mguu wako tu. Kichwa kimeshafika kazini, kinagombana na mtu."

Alisema kweli. Kilikuwa kinagombana na Dada, na kilikuwa kinashinda.

Nilichokiona: matope.

Jumatano, 5 Machi

Mapaja yanauma. Nashuka ngazi kinyumenyume.

Ijumaa, 7 Machi

Pasi. Karakana yetu ni chumba kimoja kirefu: cherehani nne kando ya madirisha, meza ya kukatia katikati, meza ya pasi mwisho kabisa karibu na mlango wa stoo. Nikiwa huku mwisho namwona Dada vizuri. Anakata vizuri, lazima nikiri. Mstari wake hautetereki hata kwenye kona. Nimempa kisogo siku nzima ili nisiuone.

Jumamosi, 8 Machi

Mke wangu ameuliza leo tumefundishwa nini. Nikamwambia: kulala chali kama maiti, dakika kumi, bila kusinzia.

"Yaani unatoka kwenye godoro alfajiri, unakwenda kulala kwenye majani mabichi?"

"Ndiyo."

"Na hukusinzia?"

"Nilisinzia. Trafiki alinipigia filimbi."

Alicheka mpaka akakaa chini. Ni muda mrefu sijamchekesha mtu kwa kutaka.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Mguu mmoja, pumzi kumi na nne. Nilihesabu.

Jumatano, 12 Machi

Pumzi tisa. Trafiki amesema niache kuhesabu.

Ijumaa, 14 Machi

Paa linavuja nyuma ya cherehani ya tatu, kwa hiyo pana ndoo. Dada amepita akaipiga teke, maji yakasambaa mpaka kwenye jora la kitambaa.

"Nani ameweka ndoo njiani?"

"Wewe mwenyewe, bosi. Asubuhi," alisema Mama Vifungo.

Washonaji wote wakainamia kazi zao. Mimi nilisema moyoni: tangu ashike mashine ya kukatia, hata ndoo zinatakiwa zimpishe.

Jumatatu, 17 Machi

Leo kimetokea kitu nisichojua kukieleza. Nikiwa nimesimama kwa mguu mmoja nilikihisi kisigino changu. Si kwamba kiliuma. Kilikuwepo tu, na majani baridi chini yake, na uzito wangu ukihama kidogo mbele, kidogo nyuma, kama mtu anayesita mlangoni. Kwa pumzi chache sikuwa na ugomvi na mtu yeyote duniani. Kisha nikajipongeza, nikaanguka.

Alhamisi, 20 Machi

Dada amejigonga bega kwenye mlango wa stoo. Ameutukana mlango.

Jumamosi, 22 Machi

Zoezi jipya, na hili Trafiki amelitoa barabarani. Anasema njia panda huwezi kutazama barabara nne kwa wakati mmoja. Ukigeuza shingo huku, lori linakuja kule. Unatazama gari moja mbele yako, lakini unazijua zote.

Tulisimama tukakazia macho bomba la tangi. Mikono tukaikunjua pembeni, tukatikisa vidole, tukawa tunaipeleka nyuma taratibu mpaka vidole vipotee, kisha tunairudisha mpaka vionekane tena. Macho hayaondoki kwenye bomba. Vidole vyangu vilipotea karibu na masikio. Nilishangaa. Nilikuwa naliona bomba, majani, mguu wa karani wa posta, wingu, na ndege aliyetua juu ya uzio, vyote kwa pamoja, na sikuwa nimegeuza hata jicho.

"Umeona?" Trafiki akasema. "Vilikuwepo siku zote. Ni wewe uliyekuwa hupo."

Nikavirudisha vidole nyuma, vipotee tena.

Jumatatu, 24 Machi

Nimelifanya zoezi la Trafiki kwenye pasi. Nakazia macho kola ya shati, na chumba chote kinakuja chenyewe: sindano ya Mama Vifungo inavyopanda na kushuka, mshonaji wa dirishani anavyotingisha goti, viwiko vya Dada.

Nimegundua kwamba Dada hageuzi macho, anageuza kichwa kizima. Akitaka mkasi ulio kando yake anainamisha kichwa huku, anakipeleka kule, kama kuku anayetafuta punje, ndipo anauona. Nilimwigiza mbele ya mke wangu tulipokuwa tunakula. Tulicheka sana.

Jumatano, 26 Machi

Mvua kubwa. Uwanja umejaa maji, hatukufanya chochote.

Jumamosi, 29 Machi

Tulikuwa tumelala kama maiti mvua ilipoanza. Kwa kawaida tunakusanya mikeka tunakimbilia chini ya tangi. Leo Trafiki aliinua kiganja, maana yake tubaki. Hakuna aliyeondoka.

Tone la kwanza lilinipata kwenye kope, la pili kwenye mdomo. Nilikuwa najikaza nikisubiri la tatu, na kujikaza huko ndiko kulikokuwa kunanisumbua, si maji. Nikaachia. Baada ya hapo ilikuwa mvua tu. Niliisikia ikipiga bati la tangi, ikipiga majani, ikipiga tumbo la karani wa posta, kila mahali kwa sauti yake. Nilikumbuka kwamba nina mikono. Inaonekana ni jambo dogo, lakini kwa mtu anayeendesha wembe wa umeme kwa kazi, kusahau kuwa una mikono si jambo dogo hata kidogo.

Nilikwenda kazini na nguo mbichi. Dada alinitazama akasema, "Umetumbukia wapi?" Nikamwambia sijatumbukia, nimenyeshewa makusudi. Akatikisa kichwa.

Jumanne, 1 Aprili

Leo wembe umepita upana wa kidole kimoja kutoka kwenye dole gumba la Dada.

Alikuwa anakata tabaka ishirini za makoti ya maabara. Mkono wa kulia unasukuma mashine, wa kushoto umebana kitambaa pembeni, kama inavyotakiwa. Lakini mkono wa kushoto unatakiwa kurudi nyuma kadiri wembe unavyosogea, na wake haukurudi. Mimi nilikuwa na pasi mkononi. "Dada, mkono!"

Akasimamisha mashine. "Mkono una nini?"

"Uko karibu na wembe."

Akageuza kichwa, akautazama, akausogeza. "Mkataji hapa ni nani?"

Hakushtuka. Hicho ndicho kinachonisumbua. Mtu aliyeona vile angeruka. Mimi niliyekuwa mbali ndiye niliyeruka.

Na kwa kuwa nimeambiwa niandike nilichokiona, naandika na hiki: kuna sehemu ya moyo wangu iliyofurahi. Ilisema, akikosea yeye naye, meza inarudi kwangu. Niliiona waziwazi jinsi ninavyoiona pasi. Sikuipenda.

Alhamisi, 3 Aprili

Dada amegonga tena bega. Lilelile la kushoto. Sikucheka.

Jumamosi, 5 Aprili

Nitaandika yote kwa mpangilio kabla sijaanza kuyapamba.

Mvua ilipumzika alfajiri. Tulikuwa tumeshaanza, tumeinama viganja chini kwenye majani, nilipomwona Dada anakuja na mwavuli na viatu vyake vya kazini. Alikata katikati ya uwanja akamkanyaga karani wa posta mkono.

"Samahani, baba, sikukuona."

Karani wa posta ni mtu wa kuonekana hata na ndege. Watu wakacheka, naye akacheka.

"Nimekuja kukagua," Dada akatangaza. "Nataka nijue kama mdogo wangu anakuja huku kweli, au anakwenda kumalizia usingizi kwa watu."

"Hapa hatuna watazamaji, mama," Trafiki akamwambia. "Vua viatu."

Mtu wa kumwambia dada yangu avue viatu sikuwahi kumwona. Akavivua. Akaja kusimama kwenye nusu ya turubai langu, ameshika sketi, anatabasamu kama msichana. Nilijisikia vibaya kwa yale ya kuku.

Trafiki akaanzisha zoezi la vidole. Tazama bomba. Kunjua mikono. Tikisa vidole.

"Unaviona?" akamwuliza Dada.

"Sivioni."

"Ilete mikono mbele, taratibu. Ukiviona, simama."

Sisi wengine mikono yetu ilikuwa pembeni kabisa. Ya Dada ikaja mbele. Ikaja tena. Ikapita mabega, ikaendelea kuja, mpaka viganja vikakaribiana mbele ya uso wake, kama mtu aliyebeba bakuli.

"Hapo," akasema. "Sasa naviona."

"Bosi, hatupigi makofi!" Mama Vifungo akapaza sauti, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Dada alicheka kuliko wote. Alidhani amekosea zoezi.

Trafiki hakucheka. Aliinua kiganja, wote wakanyamaza. Akamwomba arudie, kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo. Dada akarudia. Mikono ikasimama palepale.

Ndoo. Mlango wa stoo. Karani wa posta. Kichwa kinachogeuka kizima. Dole gumba. Mwezi mzima nimekuwa nikiviona vyote hivi, nimeviandika kwenye daftari hili kwa mkono wangu, na kila kimoja nimekiandika kama kosa la tabia yake.

Baadaye Trafiki alinivuta kando chini ya tangi.

"Macho yale," akasema, "ningemsimamisha barabarani nimnyang'anye leseni. Anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Kati anaona vizuri, pembeni hakuna kitu, na mwenyewe hajui. Wengi hawajui, kwa sababu haiumi."

"Mwambie wewe, afande. Atakusikiliza."

"Mimi ni mtu baki. Mwambie wewe, na umwambie upesi." Kisha akasema, "Leo nilitaka kumwambia kwamba umetulia. Nilikuwa nimeshapanga maneno."

Jumapili, 6 Aprili

Nimeshinda nyumbani nazunguka. Mke wangu aliniacha nizunguke mpaka chai ikapoa, ndipo akauliza. Nikamweleza.

"Nikimwambia hawezi kukata, ataona naitaka meza," nikasema.

"Si kweli unaitaka?"

"Naitaka."

"Basi anza na hilo."

Jumatatu, 7 Aprili

Nilisubiri mpaka chai ya saa nne, washonaji wameinuka kunyoosha migongo. Dada alikuwa mezani, chaki mkononi, anachora. Mashine ilikuwa imeshachomekwa. Nilisimama upande wa pili wa meza nikamwambia niliyoyaona, moja baada ya jingine, kwa tarehe zake. Nilikuwa na daftari. Nadhani daftari ndilo lililoharibu.

"Umekuwa ukiniandika?"

"Nilikuwa naandika kila kitu, Dada. Nawe ukiwemo."

"Kumbe huu ndio utulivu wenyewe. Mwezi mzima unanyoosha miguu kwenye majani ili uje uniambie mimi ni kipofu!"

"Sikusema kipofu."

"Natia uzi kwenye sindano bila miwani! Wewe unaweza?"

Siwezi. Hapo alinipata. Alichomoa sindano kwenye kimto cha sindano cha Mama Vifungo, akaitia uzi mara moja, akaninyooshea mbele ya watu wote.

"Meza unaitaka. Kuwa mwanamume useme unaitaka."

"Naitaka," nikasema. "Naitaka kila siku ninapoamka. Kila shati ninalolipiga pasi naikumbuka. Lakini nakuambia mbele ya hawa wote, siirudii. Mtafute mkataji unayemtaka, mimi nibaki na pasi mpaka nizeeke. Ila mashine hiyo usiiwashe mpaka daktari wa macho akuone. Nakuomba, Dada. Mimi mdogo wako nakuomba."

Nilijikuta naomba. Sikuwa nimepanga hivyo.

"Ondoka hapa," akasema, akarudi kuinamia chaki yake.

Nilizunguka meza kwenda mlangoni. Nilipofika usawa wa bega lake la kushoto, miguu ikakataa. Nikasimama. Sikuwa na mpango wowote. Nilishindwa tu kumwacha na mashine ile.

Mama Vifungo alikuwa amekaa mbele yake, sahani ya vifungo mapajani. Alinitazama mimi, akamtazama yeye. Yule mama ana mdomo, lakini ana akili kuliko mdomo.

"Bosi," akasema, "mdogo wako yuko wapi?"

Dada aliinua kichwa akamtazama. "Si ameondoka. Kunipa kisogo ndiyo kazi anayoijua."

"Ameondoka lini?"

"Sasa hivi. Hujamwona?"

Mshonaji wa dirishani alijiziba mdomo. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kusikia harufu ya sabuni kwenye kitambaa chake cha kichwa. Ningenyoosha kidole ningemgusa sikio.

"Dada," nikasema polepole.

Aliruka. Akageuza kichwa kizima, akanikuta pale, na uso wake ukabadilika namna ambayo sitaki kuiona tena. Kwanza hasira, kana kwamba nimemtega. Kisha ikaondoka, pakabaki hofu tupu.

"Ulikuwa hapo muda wote?"

"Muda wote."

Aliweka chaki chini. Akatazama mbele, ukutani, kama tulivyokuwa tunatazama bomba, akaunyoosha mkono wa kushoto pembeni, akaanza kuuleta mbele taratibu. Sote tuliuona mkono unavyosafiri. Yeye aliuona ulipofika karibu na pua.

"Nilidhani vitu vinawekwa njiani," akasema. "Nilidhani mnaviweka njiani."

Mama Vifungo alikwenda kuchomoa waya wa mashine. Mimi nilimshika Dada bega, lile lenye alama za mlango, na tukakaa hivyo.

Jumanne, 8 Aprili

Mashine haikuwashwa. Mvua kutwa.

Alhamisi, 10 Aprili

Hospitali ya macho. Tulisubiri kwenye benchi refu, Dada ameshika mkoba kwa mikono miwili. Akaitwa akaingizwa kwenye chumba chenye giza, nikaruhusiwa kukaa nyuma. Unaweka kidevu kwenye chombo, unatazama nukta moja, na vitaa vidogo vinawaka huku na huku. Ukiona taa unabonyeza kitufe. Mimi kwa pale nilipokaa nilisikia kitufe tu. Kilibonyezwa, kikabonyezwa, kisha kikakaa kimya muda mrefu sana. Nilikuwa natamani kwenda kumbonyezea.

Ni presha ya macho. Daktari ni mwanamke mdogo kuliko watoto wetu, akaeleza bila kuzungusha maneno. Kilichopotea hakirudi. Kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa ya matone, asubuhi na jioni, maisha yote, bila kuruka hata siku moja. Mngekawia, akasema, na cha katikati kingekwenda.

"Nitakata?" Dada akauliza.

"Kwa wembe wa umeme, hapana, mama."

Alikubali kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa. Tulipofika nje alisimama ngazini, nikampa mkono, akaushika. Tulipokuwa wadogo yeye ndiye aliyekuwa akinishika mkono nikivuka barabara.

Ijumaa, 11 Aprili

Mguu mmoja. Sijui pumzi ngapi.

Jumatano, 16 Aprili

Amekuja mtu kuomba kazi ya ukataji. Dada alizungumza naye stoo, mlango umefungwa. Nilipiga pasi mashati arobaini bila kuunguza hata moja. Nilisema siirudii meza na nilimaanisha, lakini kumaanisha hakupunguzi maumivu. Niliyaona, nikayaacha yakae.

Alhamisi, 24 Aprili

Yule mkataji hakurudi. Hakuna anayesema kwa nini, na mimi siulizi.

Jumamosi, 26 Aprili

Dada amekuja uwanjani bila mwavuli. Trafiki amempa nafasi mbele kabisa, pembeni hakuna mtu wala mkeka, ili asimkanyage yeyote. Tulipolala kama maiti nilimsikia anakoroma. Trafiki alishika filimbi, akaiangalia, akairudisha mfukoni.

Jumatano, 30 Aprili

"Kesho anza kukata," Dada aliniambia huku akikagua mshono.

"Nilikuambia siitaki."

"Uliniambia vile ili nikusikilize. Nimekusikiliza. Sasa kata."

Nilikwenda stoo nikafuta uso na kipande cha bitana. Mama Vifungo alinifuata kuuliza kama natafuta kitu. Nikamwambia ndiyo, nimekikosa. Akaniletea kikombe cha maji, akarudi kwenye vifungo vyake.

Jumatatu, 5 Mei

Siku ya nne bila mvua. Majani ya uwanjani yamekauka mpaka chini.

Dada hawezi kujitilia dawa. Tone linaangukia shavuni, sikioni, kila mahali isipokuwa jichoni. Jioni mkwewe anamsaidia, ila asubuhi yuko peke yake, na washonaji hataki wamwone amefungua mdomo na macho. Kwa hiyo leo nilipotoka yoga nilimkuta karakanani kabla washonaji hawajafika, amepanda kulala chali juu ya meza ya kukatia, kichwa juu ya jora la kitambaa, chupa ya dawa kifuani.

"Tia," akasema. "Na mkono usitetemeke."

Haukutetemeka. Nilisimama upande wa kichwa chake, nikauvuta ukope wa chini kwa kidole, nikainama kutazama tone litakapoangukia. Taa ya meza ile ni kali, ni taa ya kazi.

Macho ya dada yangu si meusi. Ni ya kahawia, kahawia ya chai iliyokolea, yana duara jembamba la kijivu pembeni, na katika jicho la kushoto, karibu na mboni, kuna kidoa kidogo cheusi zaidi. Macho haya yamenilea. Yamenitazama nikijifunza kutembea, nikijifunza kukata. Nina miaka hamsini na miwili, na jana mtu angeniuliza ni ya rangi gani ningesema meusi, na ningeapa.

"Unafanya nini huko juu?"

"Natazama."

"Tazama huku unatia dawa."

Nikatia. Tone likaingia, akafumba jicho, maji yakamtiririka kuelekea sikioni nikayafuta kwa gumba. Mkono wake ulipapasa hewani ukaupata wangu, ukaushika.

"Umemaliza?"

"Bado," nikamwambia. "Bado jicho la pili."